Pancha za baiskeli kwa wanaoanza: soma tundu kwanza, kiraka baadaye

PedaliTaratibu #1

Wakuu, salaam.

Swali linalorudi kila mara kutoka kwa wanaoanza kuendesha ni hili: "Pancha imezibwa jana, asubuhi tairi limelala tena. Ninunue tyubu mpya?" Mara nyingi tyubu haina kosa. Ama kilichotoboa bado kimekaa ndani ya tairi, ama kiraka kilibandikwa gundi ikiwa mbichi. Kubandika kiraka ni dakika kumi tu. Kazi yenyewe ni kujua tundu limetoka wapi, na hapo ndipo wengi wanaporuka.

Naanza na hatua zenyewe kwa gurudumu la mbele, maana ndilo jepesi. Wenye uzoefu wa gurudumu la nyuma, Phoenix na baiskeli za mbio waongezee.

1. Legeza breki kwanza. Kwenye breki za V, bana mikono miwili ya breki pamoja kisha chomoa kile kibomba kilichopinda kwenye ndoano yake. Usipofanya hivyo tairi litagoma kupita kwenye raba za breki. Fungua nati za ekseli (nyingi ni spana namba 15, za mbele nyingine ni 14 au 13) au legeza mkono wa kufungulia haraka. Kama ni breki ya diski, usibonyeze breki gurudumu likiwa nje; vipande vya breki vitakaribiana na diski haitarudi. Chomeka karatasi ngumu iliyokunjwa katikati yake.

2. Toa upepo WOTE uliobaki. Kisha zunguka tairi zima ukiminya mbavu zake kuelekea katikati ya ringi. Katikati ya ringi kuna bonde. Waya wa tairi ukishuka bondeni, upande wa pili unapata nafasi ya kutoka. Wanaovunja liva, vile vijiti vya kung'olea tairi, ni wale walioruka hatua hii.

3. Anza kung'oa upande ulio mkabala na valvu, usianzie kwenye valvu. Ingiza liva ya kwanza, ikunje, ishikize kwenye spoki. Ya pili ingiza sentimita kumi hivi pembeni, kisha iburuze kuzunguka ringi. Upande mmoja tu unatosha, tairi lenyewe libaki kwenye ringi. Bisibisi weka mbali kabisa: inachana tyubu na inachubua ringi.

4. Kabla ya kuvuta tyubu, weka alama mbili za biro: upande wa tyubu unaotazama kulia, na sehemu ya tairi iliyo usawa wa valvu. Alama hizo ndizo zitakazokuonyesha mwiba uko wapi.

5. Jaza tyubu mpaka inenepe karibu mara mbili ya unene wake. Ipitishe polepole karibu na midomo au shavu. Ngozi ya hapo inahisi upepo mdogo kuliko vidole. Ukikosa, tumia beseni la maji, ukizamisha kipande kimoja kimoja. Ukiona mapovu, futa maji na uchore msalaba mkubwa unaopita katikati ya tundu. Usichore nukta, maana ukipiga msasa itafutika na tundu litakupotea. Ukishapata tundu moja endelea mpaka urudi kwenye valvu. Mwiba mmoja unaweza kutoboa pande zote mbili za tyubu.

6. Laza tyubu juu ya tairi kwa kufuata zile alama. Tundu la tyubu litakuonyesha pa kutafuta kwenye tairi. Angalia kwa nje, kisha pitisha kitambaa cha pamba ndani ya tairi lote, kwenda na kurudi. Kikinasa, hapo pana kitu. Ukitumia vidole vitupu nenda taratibu, maana chupa na nyuzi za chuma hukata. Mwiba uliovunjika usukume kutokea ndani kwenda nje. Ukiusukuma kutokea nje utazama zaidi.

Kiraka nitakiandika chini, kinastahili posti yake.

---

SpokiTatu #2

Mkuu umeanza vizuri. Naongezea kusoma tundu, maana umbo na mahali lilipo vinasema karibu kila kitu.

Tundu moja dogo upande wa nje, yaani upande unaogusa tairi: mwiba, msumari, chupa, au zile nyuzi nyembamba za chuma zinazomwagika barabarani matairi ya malori yakipasuka. Hizo nyuzi ndizo mbaya kuliko zote kwa sababu ni nyembamba mno. Jicho halioni, kitambaa kinaweza kupita bila kunasa, na kila ukijaza upepo inachoma tena. Kunja tairi kwa ndani nje pale alama ilipo, utaiona ikichomoza milimita moja au mbili. Ivute kwa koleo dogo au kikata kucha.

Matundu mawili yaliyo sambamba, kama meno ya nyoka: hapo hakuna mwiba wa kutafuta. Upepo ulikuwa mdogo, ukagonga shimo au ukingo wa lami, tyubu ikabanwa kati ya tairi na kingo mbili za ringi. Ziba yote mawili, kisha ongeza upepo. Kama tundu moja liko mbali na jingine, tumia viraka viwili. Yakikaribiana, kiraka kimoja kirefu.

Tundu upande wa ndani, yaani upande unaotazama spoki: ni utepe wa ringi, ule unaofunika matundu ya spoki. Umehama au umechakaa, tundu la spoki liko wazi, au ncha ya spoki imechomoza juu ya nipo, kile kinati kinachoishika spoki kwenye ringi. Hapo unaweza kuziba mara kumi na pancha itarudi mara kumi.

Mchano mdogo pembeni, mara nyingi milimita chache kutoka usawa wa ringi, tena mara tu baada ya kufunga tairi: ni liva, au tyubu ilibanwa chini ya waya wa tairi.

Mchano pale valvu inapoota kwenye tyubu: huo hauzibiki. Kiraka hakikai vizuri kwenye kona ile. Chanzo chake mara nyingi ni kuendesha na upepo mdogo: tairi linateleza taratibu kwenye ringi, linaivuta tyubu, valvu inalala upande mpaka inachanika. Ukiona valvu imeinama, usisubiri. Toa upepo, sogeza tairi na tyubu mpaka valvu isimame wima, ujaze upya.

---

Neema_wa_Nyali #3

Uzi mzuri sana huu. Naomba kuuliza: gurudumu la nyuma lina gia saba na mnyororo, naogopa kulivua nikashindwa kulirudisha. Na je, ni lazima nipindue baiskeli?

---

SpokiTatu #4

Dada Neema, liko rahisi kuliko linavyoonekana. Kabla ya kusimama weka mnyororo kwenye gia ndogo kuliko zote nyuma. Hii ndiyo siri yote. Ukirudisha, mnyororo unakaa kwenye gia hiyo hiyo ndogo, hakuna kubahatisha.

Ukishalegeza nati na breki, simama nyuma ya baiskeli, mkono mmoja uvute mkono wa gia kuelekea nyuma, mwingine usukume gurudumu litoke. Kurudisha: lalisha sehemu ya juu ya mnyororo kwenye gia ndogo, vuta mkono wa gia nyuma, ekseli iingie mpaka mwisho wa njia zake pande zote mbili. Kabla ya kukaza, tazama kutokea nyuma: tairi liwe katikati ya fremu. Kama ni ya mkono wa kufungulia haraka, mkono haukazwi kwa kuuzungusha kama nati. Unaukunja, nao uanze kuwa mgumu ukiwa umefika katikati ya safari yake na uache alama kiganjani. Ukikunjika kirahisi, fungua, kaza nati ya upande wa pili kidogo, ukunje tena.

Kupindua inaruhusiwa. Toa taa na simu kwenye usukani kwanza. Kama una breki za mafuta, ukishaigeuza baiskeli sawa bonyeza breki mara kadhaa kabla ya kupanda. Ikiwa inazama kuliko kawaida, usiendeshe mpaka irudi kuwa ngumu.

---

PedaliTaratibu #5

Sasa kiraka. Naandika kwa urefu maana hapa ndipo pancha nyingi "zinajirudia".

Ile gundi ya kwenye boksi la viraka, ambayo mafundi huiita solusheni, haifanyi kazi kama gundi ya karatasi. Inaungana kikemikali na mpira wa tyubu na ule mpira wa rangi ulio chini ya kiraka. Ndiyo maana masharti ni matatu: mpira uwe safi, uwe umekwaruzwa, na gundi iwe imekauka.

Msasa wa kati, namba 100 hivi, unatosha. Sugua eneo kubwa kuliko kiraka mpaka mng'ao uishe na mpira uwe na rangi ya kijivu iliyofifia. Unaondoa ile tabaka laini iliyobaki kutoka kwenye kalibu kiwandani, ambayo gundi haiishiki. Kama tundu liko karibu na ule mstari ulioinuka wa mshono wa tyubu, sugua mstari mpaka ulale kabisa. Usipoulaza, kiraka kinabaki na kijinjia pembeni yake na upepo unatokea humo humo. Futa vumbi kwa kitambaa kikavu, na baada ya hapo usipaguse kwa vidole.

Paka gundi kidogo, tabaka jembamba, ipite ukubwa wa kiraka kwa nusu sentimita kila upande. Halafu SUBIRI. Dakika tatu hadi tano, mpaka mng'ao wa umajimaji upotee na ukigusa pembeni kidole kisivute nyuzi. Dar, Tanga au Mombasa wakati wa masika, hewa ikiwa na unyevu, subiri mpaka dakika kumi. Kiraka kikibandikwa gundi ikiwa bado mbichi, kimiminika kinanaswa chini yake na baada ya kilomita chache kinaachia.

Bandua foili ya chini bila kugusa upande wa gundi. Weka katikati ya msalaba, kandamiza kuanzia katikati kwenda kingoni kwa nguvu dakika moja au mbili. Mgongo wa kijiko juu ya kitu kigumu unafaa sana. Karatasi laini ya juu iache ilivyo. Ukilazimisha kuitoa inanyanyua kingo za kiraka.

Kiraka kivuke tundu kwa angalau sentimita moja kila upande. Kwa mwiba, cha duara cha milimita 25 kinatosha. Pakaa poda kidogo juu ya gundi iliyobaki pembeni ili tyubu isigandane na tairi.

Na usijaze tyubu sana ikiwa nje ili "kujaribu" kiraka. Ikinenepa kupita kiasi inavuta kingo ambazo hazijashika. Irudishe ndani ya tairi, jaza humo. Tairi litakisaidia kiraka kwa kukikandamiza.

---

mtaa_wa_pili #6

Supa gluu je? Dukani ipo kila kona, solusheni huku kwetu haipatikani hovyo.

---

FundiMwanga #7

Supa gluu hapana. Ikikauka inakuwa ngumu, tyubu inanyumbuka kila gurudumu linapozunguka, ule ugumu unapasuka. Gundi ya viatu inaweza kukufikisha nyumbani kama ulisugua vizuri na kuiacha ikauke pande zote mbili, lakini haiungani na mpira kama solusheni, na joto likipanda kiraka kinateleza.

Watu wengi huku wanakata viraka kwenye tyubu kuukuu. Inawezekana, ila masharti yanaongezeka. Kata duara au yai, kamwe usikate mraba, maana kona ndizo zinazoanza kubanduka. Sugua kiraka CHENYEWE sawa na tyubu. Paka gundi pande zote mbili, subiri zote zikauke, paka ya pili nyembamba kwenye tyubu, subiri tena, ndipo ubandike. Tyubu ya kukatia iwe bado laini. Ukiivuta ikionyesha nyufa ndogo ndogo, itupe.

Kuna wanaosafisha kwa petroli kabla ya gundi. Siipendekezi. Petroli ya kituoni inaacha masalia juu ya mpira, na iliyochanganywa na oili ndiyo mbaya zaidi. Msasa na kitambaa kikavu vinatosha. Kama tyubu ina grisi, osha kwa sabuni, kausha kabisa, ndipo usugue.

Kuhusu pancha ya kuchoma kwa fundi: kiraka cha mpira mbichi kinabanwa kwenye tyubu na kupashwa moto. Ikifanywa sawasawa inadumu sana, kwa sababu mpira unaiva pamoja na tyubu. Hatari yake kwa baiskeli ni moto kuzidi. Tyubu za baiskeli ni nyembamba kuliko za pikipiki, na ikiungua pembeni ya kiraka panakuwa pagumu na kupasuka baadaye. Ukimpelekea fundi, tazama: baada ya kupoa, mpira unaozunguka kiraka unyumbuke kama sehemu nyingine.

---

Kinara_wa_Singida #8

Wadau, mnazungumza sana za gia na mikono ya kufungulia haraka, ila huku wengi wako kwenye Phoenix na Hero za stendi, keria na breki za vyuma. Gurudumu la nyuma la baiskeli hizo huwa halivuliwi kwa ajili ya pancha moja. Unasimamisha kwenye stendi, unang'oa upande mmoja wa tairi, unavuta kipande cha tyubu tu, unaziba papo hapo. Valvu inabaki ndani ya ringi. Unahitaji kuvua gurudumu pale tu unapobadilisha tyubu nzima au tairi. Ukilivua, kumbuka kuacha mnyororo ulegee sentimita moja hivi katikati unapokaza upya. Ukikaza ukiwa umevutika sana, unakula meno ya gia.

La pili, kabla hujang'oa chochote kagua valvu. Nyingi za baiskeli hizi zina valvu ya Dunlop: kijiti cha ndani kilichovikwa kimpira chembamba, kisha nati ya kukibana. Kimpira kinakaukia kwa jua na kuchanika, na tairi linalala bila pancha yoyote. Paka mate mdomoni mwa valvu. Mapovu yakitoka, tatizo ni hapo. Fungua nati, chomoa kijiti, vua kimpira cha zamani, kata kipya chenye urefu wa sentimita mbili na nusu hivi, kiloweshe kidogo ili kiteleze, kivike mpaka kifunike kitundu cha pembeni mwa kijiti na kifike kwenye bega lake. Kisipofika begani upepo unatoka wote ukishachomoa pampu. Vimpira viwili vya akiba tembea navyo, havina uzito.

---

PedaliTaratibu #9

Mkuu Kinara hilo la valvu ni la dhahabu. Hata zile nene zinazofanana na za pikipiki, yaani Schrader, zikague kwa mate. Kijiti cha ndani kikilegea kinakazwa kwa kifaa kidogo chenye mwanya, na baadhi ya vifuniko vya valvu vya chuma vina mwanya huo juu yake.

---

Wanjala254 #10

Huku tunapigana na mbigili. Mvua zikiisha, ule mmea unatambaa pembezoni mwa njia, matunda yake yanakauka na kuangusha vipande vyenye miiba migumu inayoelekea kila upande, kwa hiyo kimoja kikilala chini lazima kuna mwiba unaotazama juu. Gurudumu moja linaweza kutoka na pancha nne kwa mpito mmoja. Ushauri kwa wanaoanza: ukishajua umepita kwenye mbigili, USIIVUTE miiba papo hapo kama bado tairi lina upepo. Mwiba wenyewe unaziba kiasi. Fika mahali penye kivuli na maji ndipo uanze.

Swali: dawa ya kumwaga ndani ya tyubu inafaa?

---

SpokiTatu #11

Inafaa kwa miiba hasa. Inaziba matundu madogo, mpaka milimita tatu hivi kutegemea dawa. Haizibi meno ya nyoka, haizibi mchano wa valvu, haizibi tundu la upande wa spoki. Tyubu lazima iwe na valvu ambayo kijiti chake kinatoka, ili umimine. Soma kwenye chupa kiasi cha saizi ya tairi lako. Ikizidi inaziba valvu. Wakati wa kujaza upepo weka valvu juu au pembeni, isiwe chini kabisa, ili dawa isirudi kwenye pampu.

Ubaya wake: tundu likiwa kubwa kuliko uwezo wa dawa, tyubu inalowa kila mahali na kiraka hakishiki mpaka uoshe na kukausha kwa uangalifu. Tena inakauka ndani baada ya miezi kadhaa, na kwenye joto mapema zaidi.

Kwa mbigili, tairi lenyewe ndilo kinga ya kwanza. Tairi lenye mkanda wa kinga chini ya kashata, yaani meno ya tairi yanayogusa barabara, au ukanda wa plastiki unaowekwa kati ya tairi na tyubu. Huo ukanda ukiuweka, laza ncha zake zipandane sentimita tano na uzisugue ziwe laini, maana ncha kali zenyewe hutoboa tyubu. Tairi likiwa kipara na vitambaa vinaanza kuonekana, hakuna dawa itakayokuokoa.

---

Neema_wa_Nyali #12

Asanteni sana. Nimeenda dukani kutafuta tyubu ya akiba, muuzaji akaniuliza "ishirini na sita ipi?" Kumbe ziko ngapi?

---

FundiMwanga #13

Dada, soma ubavuni mwa tairi. Kuna namba mbili. Ya kwanza ni ya mazoea, mfano 26 × 1.95. Ya pili ina kistari, mfano 50-559. Hiyo ya pili ndiyo ya kuamini: 50 ni upana wa tairi kwa milimita, 559 ni kipenyo cha mahali waya wa tairi unapokaa kwenye ringi.

Mkanganyiko uko hivi. 26 × 1.95 ya baiskeli za milimani ni 559. 26 × 1 3/8 ni 590. Majina yanafanana, tairi haziingiliani kabisa. Phoenix na Hero kubwa ni 28 × 1 1/2, yaani 635. Lakini 28 nyingine, ya 700C, ni 622, na 29 ya baiskeli za milimani ni 622 hiyo hiyo.

Tyubu zina uvumilivu kuliko tairi kwa sababu zinanyumbuka. Iliyoandikwa 26 × 1.75–2.125 inaingia tairi lolote kati ya upana huo. Ukikwama, tyubu ya 559 inaweza kukutoa kwenye tairi la 584, ile 27.5, kwa dharura. Kinyume chake, tyubu kubwa mno inajikunja ndani na mikunjo inachanika.

Halafu valvu. Schrader na Dunlop zinahitaji tundu la ringi la milimita 8 hivi. Ile nyembamba ya baiskeli za mbio, Presta, ni milimita 6. Nyembamba kwenye tundu kubwa inacheza na kujikata mzizini, labda uweke kipete cha kujazia nafasi. Nene kwenye tundu dogo haiingii, na msitoboe ringi nyembamba kuipanua.

---

PedaliTaratibu #14

Kufunga tairi, kisha upepo.

Jaza tyubu kidogo tu, ipate umbo la duara. Ingiza valvu kwanza, kisha tyubu yote ndani ya tairi bila kujipinda. Anza kurudisha ukingo wa tairi ukielekea pande zote mbili, na umalizie KWENYE VALVU. Sehemu ya mwisho ikikaza, rudi ukaminye tairi bondeni mwa ringi kote, utapata nafasi. Malizia kwa viganja, epuka liva. Ndipo tyubu mpya zinapotobolewa kabla hazijafika barabarani. Ikishaingia, sukuma valvu ndani kidogo kuelekea tairi kisha ivute, ili mzizi wake usibanwe.

Zunguka pande zote mbili ukifunua tairi kidogo kwa vidole gumba: ukiona mpira wa tyubu umechungulia, toa upepo urekebishe. Jaza nusu. Zungusha gurudumu, tazama ule mstari mwembamba ubavuni mwa tairi karibu na ringi. Ukiwa sawa kote, jaza mpaka mwisho. Ukizama mahali pamoja, tairi halijakaa. Palowanishe kwa maji ya sabuni, lijae taratibu.

Kadirio kwa mtu wa kilo 70 hivi: 26 × 1.95 weka psi (kipimo cha upepo kwenye geji) 40 hadi 50. 28 × 1 1/2 ni 50 hadi 60, na ukibeba mzigo kwenye keria sogea kuelekea kikomo kilichoandikwa ubavuni. 700 × 28 ni 70 hadi 85. 700 × 25 ni 85 hadi 95. Kikomo cha ubavuni usikivuke. Nyuma weka zaidi kidogo ya mbele kwa sababu ndiko uzito uliko. Geji ikisoma bar, 1 ni psi 14.5, ikisoma kPa, 100 ni bar 1.

Kubonyeza kwa kidole kunadanganya, hasa tairi jembamba: linakuwa gumu kidoleni likiwa bado liko chini sana. Tyubu zote hupoteza upepo polepole. Pana pima kila wiki, nyembamba kila baada ya siku chache.

---

mtaa_wa_pili #15

Wakuu, hapa kuna baiskeli inayopata pancha kila siku tatu, daima upande wa ndani, mahali tofauti. Utepe wa ringi ni kipande cha tyubu ya zamani. Ndiyo shida?

---

SpokiTatu #16

Karibu hakika. Kipande cha tyubu ni laini. Kwa upepo mdogo kinahimili, ila ukifika psi 60 tyubu inakisukuma kwenye matundu ya spoki mpaka inajikata kingoni. Weka utepe wa kitambaa wenye gundi, upana wake ufunike matundu yote bila kupanda kwenye kingo ambako waya wa tairi unakaa. Kabla ya kuubandika, pitisha kidole juu ya vichwa vya nipo zote. Spoki iliyochomoza ipunguze kwa tupa mpaka ilale sawa na nipo. Osha ringi, kausha, anzia utepe mkabala na valvu, upandanishe sentimita tano, kisha toboa tundu la valvu kwa ncha iliyopashwa moto ili nyuzi zisichanike.

---

Wanjala254 #17

Na tairi likichanwa na chupa? Mchano wa sentimita moja, tyubu inachungulia nje.

---

FundiMwanga #18

Kiraka cha tyubu peke yake hakitoshi. Tyubu itafura kupitia mchano na kupasuka. Weka kipande ndani ya tairi: kata ubavu wa tairi kuukuu jembamba, kipite mchano sentimita mbili kila upande, na kingo zake uzichonge ziwe nyembamba zisisugue tyubu. Kibandike kwa solusheni. Njiani, pakiti ngumu ya juisi au maziwa iliyokunjwa mara mbili inafaa. Weka upepo theluthi mbili ya kawaida, uende taratibu, kisha ubadilishe tairi. Mchano ukiwa ubavuni, badala ya kwenye kashata, usiendelee nalo zaidi ya kufika nyumbani, maana ubavu ndio unaobeba mnyumbuko wote.

---

Neema_wa_Nyali #19

La mwisho wakuu: nibebe nini kwenye kibegi? Na pampu ya kituo cha mafuta naweza kutumia?

---

PedaliTaratibu #20

Tyubu moja ya akiba, ifungwe kwenye kitambaa ili isisuguane na spana. Liva mbili. Boksi la viraka, msasa ukiwemo. Pampu ndogo ambayo umeshaijaribu kwenye valvu yako nyumbani. Spana namba 15 kama una nati. Solusheni ikishafunguliwa inakauka ndani ya kichupa hata kikifungwa vizuri, kwa hiyo iminye kidogo kila mwezi ujue ingali majimaji. Njiani badilisha tyubu, iliyotoboka uizibe nyumbani ukiwa umetulia.

Kituo cha mafuta inawezekana kwa Schrader pekee, kama huna adapta. Kompresa inajaza haraka na tyubu ya baiskeli ni ndogo, hivyo minya kwa vipindi vifupi vya sekunde moja moja, ukisoma geji kila mara na kukagua kama ukingo wa tairi haujaanza kupanda juu ya ringi. Ukianza kupanda, toa upepo mara moja. Kwa Presta, legeza kwanza kile kinati cha juu na ukibonyeze kidogo kipumue kabla ya kuweka pampu, shika valvu na spoki kwa mkono mmoja unapopampu ili ncha isipinde, na ukimaliza kikaze tena kwa vidole tu.